Kutoka Gede hadi Karen: shajara yangu na ndege mbuai wa Nairobi

Jumamosi

Barua ya kunikubali ilifika mwezi wa Mei. Kituo kimoja cha kutibu ndege mbuai, pembezoni mwa Karen, kilikuwa tayari kunichukua kwa mafunzo ya kazi kuanzia Julai. Ndege mbuai ni wale wanaokula nyama: tai, kipanga, kozi, mwewe, bundi, na tumbusi wanaosafisha mizoga. Mimi ni mzaliwa wa Gede, nimekulia ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, na aliyenitia hamu ya ndege ni yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye duniani kote haonekani ila katika misitu michache ya Pwani yetu na ya Usambara huko Tanzania. Wale wakubwa niliwajua kwa darubini tu. Nilitaka kujua wanavyoshikwa, wanavyolishwa, na kwa nini wanazidi kupungua.

Nilipanda treni ya asubuhi kutoka Mombasa. Ukishapita Mariakani minazi inakwisha, nchi inakauka, mibuyu inabaki yenyewe. Baada ya Voi reli inapita Tsavo juu ya tuta, na kutoka pale abiria anaona mbali. Wenzangu walikuwa wakitafuta ndovu. Mimi nilimwona pungu, tai mweusi mwenye mkia mfupi hata miguu yake myekundu inachomoza nyuma, akiruka huku anayumba ubavu hadi ubavu. Mama aliyeketi mbele yangu aliniuliza naangalia nini. Nilipomwonyesha, alimnyanyua mjukuu wake hadi kwenye kioo naye amwone.

Binamu yangu alinipokea Syokimau, tukapanda matatu ya kuingia mjini. Mombasa Road jioni ni magari mbele na nyuma, na juu ya vichwa ile barabara ya kulipia inakwenda kwa nguzo zake. Tulipokaribia Nyayo Stadium uchovu wote ulinitoka. Kwenye migunga ya kando ya barabara walikuwa wamesimama makorongo marabu, wengi ajabu, vichwa vya upara, mfuko wa ngozi ukining'inia shingoni. Miguu yao ilikuwa imepakwa nyeupe. Ni kinyesi chao wenyewe. Hujinyea miguuni ili ule unyevu ukikauka uwaondolee joto. Watu walipita chini yao na simu sikioni, wala hakuna aliyetazama juu.

"Hao ni wa hapa hapa," binamu alisema. "Wanakula taka za jiji zima."

Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana nawaheshimu.

Jumapili

Chumba changu kiko Ngando, ndani kidogo kutoka barabara ya Ngong, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Kodi ya mwezi na dipoziti vimekula karibu akiba yote niliyotoka nayo nyumbani. Maji hutoka mara mbili kwa wiki. Siku nyingine unanunua kwa mtungi. Stima ni ya tokeni.

Baridi ya Julai niliisikia kwa masikio, leo nimeijua kwa mifupa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi huu jua linaweza kujificha siku nzima nyuma ya mawingu. Binamu alinipeleka soko la Toi, tukachambua mitumba hadi tukapata sweta zito la sufu na gambuti zisizovuja.

Jirani anayeuza mboga mlangoni amenikaribisha vizuri sana. "Mbaazi ninazo, Mpwani," aliniambia, "lakini nazi utanifundisha wewe pa kuzipata."

Jumatatu

Niliamshwa na kwarara kabla ya kengele ya simu. Hupita alfajiri juu ya mabati, wawili watatu, wakipiga kelele za kuamsha mtaa mzima. Nikanywa chai, nikapanda matatu ya 111 hadi Karen, na kutoka steji nikatembea kwa kuta za mawe na nyua za maua mpaka lango la kituo.

Kazi ya vizimba inaongozwa na mzee mmoja ambaye ameishi na ndege hawa miaka mingi. Wote, hata daktari wa wanyama, humwita Mzee, nami nikamwita hivyo. Hakunipa karatasi ya kanuni. Alinitembeza polepole, akinionyesha na kunieleza. Sauti chini. Usimkodolee ndege macho, kwa sababu kwa kiumbe anayewinda, kukodolewa macho ni kutishiwa. Na usimzoeze akupende.

"Ndege akikupenda," Mzee alisema, "siku ya kumwachilia atamfuata mtu wa kwanza atakayemwona. Na huyo mtu hatakuwa wewe. Atakuwa na jiwe."

Vifaranga wa ndege mbuai wanaolelewa kwa mkono wa mtu hujiona watu. Ndiyo sababu makinda hapa hulishwa kwa kikaragosi chenye sura ya mama yao, na mlishaji hukaa nyuma ya pazia. Nilikuwa nimesoma jambo hilo kitabuni. Kulitazama ni kitu kingine: kinda la bundi likifumba jicho moja, likinyoosha shingo kuelekea kitambaa chenye macho ya vifungo.

Chakula kinatoka kwenye viwanda vya kuangulia kuku. Vifaranga madume wa siku moja hawana faida kwa mfugaji wa mayai, kwa hiyo hugandishwa na kuletwa huku. Ndege hula kifaranga kizima, manyoya na mifupa, na hiyo si uchoyo wa kituo. Bundi na vipanga wanahitaji visivyosagika. Tumbo huvifinyanga kuwa tonge kavu, kisha ndege hulitapika. Bundi ambaye hajatapika tonge lake asubuhi ni bundi wa kuchunguzwa.

Baada ya kulisha ni kupima. Kila mgonjwa hupandishwa mizani, na Mzee humpapasa mfupa wa kidari kwa vidole viwili. Ukiwa umefichika ndani ya nyama, ndege yuko sawa. Ukiwa umechongoka kama wembe, hajala vizuri kwa wiki nyingi, hata kama manyoya yanamfanya aonekane mnene. Mzee aliniweka mkono wangu juu ya kidari cha kozi mmoja aliyeletwa Ijumaa, akaninyamazia nihisi mwenyewe. Nilihisi.

Mchana wote uliobaki ulikuwa wa brashi, ndoo na dawa ya kuua viini.

Jumanne

Leo nimemshika tumbusi.

Aliletwa mapema na gari kutoka Kajiado, ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa gunia. Mchungaji alimkuta ameanguka karibu na mzoga wa ng'ombe, akampigia afisa wa Huduma ya Wanyamapori, KWS, nao wakamfikisha kwetu. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 huwezi tu kuokota ndege wa mwituni ukamweka nyumbani, hata kwa nia njema. Lazima mamlaka ijue. Kwenye mzoga huo huo wenzake walikuwa wamekwisha kufa.

Ni tumbusi wa Rüppell, mkubwa, manyoya ya mgongoni yamepakwa ukingo mweupe hata yanafanana na magamba. Mdomo ulikuwa ukitiririka ute. Vidole vilikuwa vimekunjika ngumi na haviwezi kufunguka. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa hadi kuwa nukta. Daktari alitazama mara moja tu akasema ni sumu ya wadudu, ile ya kuvuruga neva, akaanza kuandaa atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, huku anatupa maagizo.

Kwa tai na kipanga, unashika miguu kwanza, maana mdomo unatisha lakini kinachojeruhi ni kucha. Tumbusi ni kinyume. Miguu yake ni ya kutembelea, haina nguvu ya kukamata. Hatari iko kwenye mdomo uliozoea kupasua ngozi ya nyati. Kwa hiyo Mzee alishika kichwa, mimi nikakumbatia mbawa na mwili, kifua changu mgongoni kwake. Nilihisi moyo wake kupitia ovaroli. Harufu ilikuwa kali na sikujali. Daktari alipitisha mpira laini kooni, akasafisha kile kilichobaki ndani ya gole, ule mfuko wa chakula wa kooni: nyama nyekundu iliyochanganyika na chembe za rangi ya zambarau. Chembe hizo ziliwekwa kwenye chupa kwa ajili ya maabara.

Tumbo la tumbusi lina asidi kali kiasi cha kumaliza vimelea vya kimeta. Mzoga ambao ungeambukiza mifugo ya kijiji kizima yeye anaumaliza na kuondoka mzima. Sumu ya dukani ndiyo inayomshinda.

Jioni, tukinywa chai, nilimuuliza daktari kwa nini tumbusi wanakufa wengi kwa pamoja. Alinieleza akichora kwa kijiti mchangani. Tumbusi hawatafuti chakula peke yao. Kila mmoja anaelea juu akimwangalia mwenzake aliye mbali. Mmoja akishuka, wa pili anafuata, wa tatu anamwona wa pili, na kwa muda mfupi anga la maili nyingi limemiminika juu ya mzoga mmoja. Ndiyo nguvu yao, na ndiyo njia ya kuwaua. Huko Botswana mwaka 2019 walikufa 537 kwenye tukio moja, kwenye mizoga ya ndovu iliyotiwa sumu na majangili, kwa sababu tumbusi wakizunguka juu askari hujua pa kwenda. Kwetu Kenya mara nyingi mlengwa ni simba au fisi aliyekula ng'ombe wa mtu. Tumbusi wanaingia kwenye ugomvi usiokuwa wao.

Na hawajazi pengo haraka. Jike hutaga yai moja, na huchukua miaka kadhaa kabla hata hajaanza kutaga. Tangu 2015 tumbusi wa Rüppell yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Nililala nikifikiri juu ya ndege wa jamii hii hii aliyegongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, mita 11,300 angani, zaidi ya Mlima Kenya mara mbili. Kiumbe anayefika huko anaangushwa na kiganja cha unga.

Alhamisi

Tumbusi amesimama. Vidole vimefunguka. Amekataa nyama, lakini amesimama.

Ijumaa

Mvua. Nauli ya kurudi Ngando imepanda maradufu mara tu matone yalipoanguka, na makanga hana la kujibu isipokuwa "ni mvua, madam".

Kabla ya hapo, mwendeshaji wa boda alifika langoni na katoni ya maziwa iliyotobolewa matundu. Ndani mlikuwa na mwewe kijana. Uzi wa nailoni ulikuwa umeviringika miguuni mwake siku nyingi hata ukazama ndani ya ngozi. Mwewe wa mjini hujenga kiota kwa chochote, vitambaa, plastiki, kamba, na kinda hukua limefungwa na kitanda chake lenyewe. Huyu alipoanza kuruka alikuwa akivuta nusu ya kiota nyuma yake.

Yule kijana wa boda alikuwa ameacha abiria wawili ili amlete. Alikataa pesa ya mafuta. Alisema walipokuwa shule ya msingi mwewe waliwapokonya chapati mikononi uwanjani, kila siku ya Mungu, na wao walikuwa wakifurahia kuliko hiyo chapati yenyewe. Alisubiri mpaka daktari akamaliza kukata uzi, akaomba kumpiga picha, akaenda zake mvuani.

Jumatano ya wiki ya pili

Kituo kiliniruhusu kwenda matembezi ya ndege yanayoanzia Makumbusho ya Taifa kila Jumatano asubuhi. Bi. Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971, na wanaoandaa ni Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake inarudi nyuma hadi 1909. Nilidhani nitakuta wazee wenye darubini za bei. Nilikuta pia wanafunzi wa chuo, mlinzi aliyetoka zamu ya usiku, na kijana mwenye daftari la shule ambaye alijua sauti ya kila ndege wa jamii ya chozi.

Tulikwenda Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907. Huko nilimkuta kulukulu. Wa kwetu Gede ana kishungi chenye wekundu nyuma ya kichwa. Huyu wa Nairobi ana kishungi cha buluu iliyokoza na doa jeupe mbele ya jicho, lakini alipofungua mbawa, ule wekundu wa damu ulikuwa ule ule. Tangu nifike Nairobi sikuwa nimejisikia nyumbani namna ile. Yule mlinzi aliona nimesimama muda mrefu, akaniuliza natoka wapi. Kumbe amewahi kufanya kazi Watamu. Tulizungumza Kiswahili cha kwetu mpaka kikundi kikatuacha nyuma.

Kaskazini na magharibi Nairobi bado ina misitu: Karura yenye zaidi ya hekta elfu moja, ambayo Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiitetea mwaka 1999, Ngong Road, na ile ya Dagoretti. Upande wa kusini iko Hifadhi ya Taifa tangu 1946. Ukijumlisha hayo unaelewa kwa nini mji wa watu mamilioni una ndege wengi hivi. Wako kwa sababu watu fulani walikataa kuondoka njiani.

Alhamisi

Leo shule ya msingi ilituletea darasa zima, nami nikapewa meza ya matonge ya bundi wa mwituni.

Sikuwa peke yangu. Mzee alikuwa pembeni na bundi juu ya glavu. Watoto walirudi nyuma wote kwa pamoja walipomwona. Msichana mmoja wa mbele, mdogo kwa umbo lakini sauti imara, aliuliza bila kuzungusha: "Akilia kwetu usiku, ni nani atakufa?"

Mwalimu wake alitaka kumkemea, Mzee akamzuia kwa mkono. Mimi najua swali lile linatoka wapi. Kwetu bundi akilia juu ya paa, bibi yangu alikuwa akimrushia kijinga cha moto. Huku milimani Wakikuyu humwita ndundu na humwogopa vivyo hivyo. Watoto hawakubuni hofu hiyo, wameipokea kutoka kwa watu wanaowapenda, na kuwacheka kungekuwa kuwatukana nyanya zao.

Mzee alijibu, "Panya. Panya ndiye atakufa." Kisha akawageuza kuelekea meza yangu.

Nilimpa kila mtoto tonge moja na vijiti viwili vya meno. Kwa nje tonge ni kitu cha kijivu, kikavu, ukubwa wa kidole gumba, hakinuki. Unalipasua katikati na unaanza kuchambua manyoya. Yule msichana alifanya kazi kwa ulimi ukitoka pembeni mwa mdomo. Kwanza alipata mbavu, nyembamba kuliko uzi wa nguo. Halafu taya. Halafu fuvu zima la panya, jepesi, macho matundu, na meno mawili ya mbele bado yana rangi ya chungwa. Alilipuliza vumbi, akaliweka kwenye kiganja, akaendelea kuchambua. Lilikuwamo fuvu la pili. Kabla kengele ya kuondoka haijalia, meza nzima ilikuwa na safu za mafuvu na watoto walikuwa wakibishana nani ana mengi.

Kilichonigusa ni alichokisema akiwa anapanga mifupa yake kwenye karatasi: kwao wanaweka dawa ya panya stoo, ile ya rangi ya samawati. Je, bundi akila panya huyo? Hakuna mtu aliyemfundisha swali lile. Ni kweli, sumu hiyo humwua panya polepole, naye akitangatanga amelegea ndiye rahisi kukamatwa. Nilimweleza hivyo hivyo. Alisema atamwambia babake anunue mtego.

Jumatatu

Yuko shakevale mmoja kituoni, mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia wa rangi ya kutu, aliyeokotwa chini ya nyaya za stima kwenye shamba moja upande wa Limuru. Mfupa umepona, lakini manyoya manne makubwa ya bawa la kulia yalikatika. Kungoja yaote upya ni kumweka kizimbani miezi mingi. Kwa hiyo leo tumempandikizia.

Manyoya yanayodondoka kwa kawaida hapa hayatupwi. Yamehifadhiwa kwenye bahasha, kila moja imeandikwa jamii ya ndege, bawa la kulia au kushoto, na nafasi ya unyoya kwenye bawa, maana ya nje yako kumi na hakuna moja linalofanana kabisa na jirani yake. Shakevale akapewa usingizi mwepesi. Mzee akakata kisiki cha unyoya uliovunjika mahali mrija unapokuwa mtupu, akachonga kijiti cha mwanzi kiingie ndani bila kulegea, akatia gundi kidogo, kisha akachomeka unyoya mpya upande wa pili. Kazi ngumu ni kuuelekeza. Ukipinda hata kidogo, upepo utamwambia ndege uongo kila anapopiga bawa. Mimi nilishika taa na kipande cha karatasi kati ya manyoya ili gundi isimwagike. Mzee hakupumua kwa sauti mpaka la nne lilipokaa.

Alifungua bawa lote, akalitazama dhidi ya dirisha. Huwezi kuona kiungo kilipo.

Jumamosi

Baada ya siku za kumrusha kwa kamba ndefu, asubuhi na jioni, mpaka akaacha kuhema, tumemrudisha shakevale Limuru, kwenye shamba lile lile. Mwenye shamba alikuwa ametungoja na familia yake. Mwanzoni, alituambia, alidhani ni mla kuku na akataka kummaliza na jembe. Mke wake ndiye aliyekataa.

Tulimwonyesha tonge alilotapika mara tu alipofika kituoni: manyoya ya fuko. Mwanamume akashika kiuno, akatutazama. Viazi vyake vyote vya msimu uliopita viliharibiwa na fuko. Alitaka kujua kama tunaweza kumletea wa pili.

Aliyefungua sanduku ni yule mke. Shakevale aliruka chini chini juu ya mchicha na viazi, akapanda kwenye mgravilia wa mpakani, akatikisa manyoya yake na yale tuliyomwazima.

Jumatatu, Kajiado

Tumbusi wetu sasa yuko kwenye kizimba kikubwa na wenzake. Anakula kwa kugombana, na daktari anasema huo ndio uzima wa tumbusi. Lakini hatuwezi kumwachilia mahali ambapo mzoga mwingine unamngoja, kwa hiyo leo tumekwenda kule alikotoka.

Nilifuatana na dada anayeshughulika na jamii katika kituo, Mmaasai wa huko huko. Alinielekeza njiani: kwa mzee, niinamishe kichwa anisalimu kwa kunigusa utosini. Nilifanya hivyo. Mwenye boma alituketisha kwenye viti vya ngozi chini ya mgunga, chai ya maziwa ikaja, na hakuna aliyetaja sumu mpaka vikombe vikarudi.

Kisha akasema mwenyewe. Simba alivunja ua usiku, akaua ng'ombe wawili wa maziwa. Vijana walinunua dawa ya shambani wakaimwaga kwenye mabaki. Simba hakurudi. Walikufa tumbusi, mbweha, na mbwa wawili wa boma. "Mbwa hao walikuwa wakilala miguuni pa watoto," alisema. Hakutafuta huruma wala hakujitetea. Zamani, alituambia, ng'ombe akipotelea porini walitazama tumbusi wanakozunguka wakajua pa kumfuata. Siku hizi unatafuta kwa miguu.

Mwaka 2009 waliotengeneza Furadan, dawa ya kuua wadudu shambani, waliiondoa kwenye soko la Kenya baada ya simba wengi kufa kwayo. Zipo nyingine zinazofanya kazi ile ile, na zitakuwapo. Naamini kinachoweza kubadilika haraka zaidi ni ule ua. Tulizungumza juu ya waya imara wa kuzungushia boma, na juu ya taa za kumweka alizobuni kijana wa Kitengela, Richard Turere, alipokuwa bado mtoto anayechunga ng'ombe za babake kando ya Hifadhi ya Nairobi: balbu zinazowaka na kuzimika kwa zamu, simba akadhani kuna mtu anatembea na tochi. Mwenye boma alikuwa amekwisha kuzisikia. Alichotaka kujua ni betri inadumu muda gani, na nani atazitengeneza zikiharibika. Dada alimwahidi kwamba kijana mmoja wa boma hilo atafundishwa, asimtegemee fundi wa kutoka mjini.

Wakakubaliana vijana wachimbe nguzo wiki hii, sisi turudi Alhamisi ya wiki ijayo na waya na fundi. Mzoga wowote wenye dalili za sumu utachomwa moto au kufukiwa kabla ndege hawajashuka, na simu ipigwe saa hiyo hiyo. Mwenye boma hakutaka namba ikae kwenye simu yake tu, maana mara nyingi yuko malishoni. Akaita mjukuu wake alete rangi, akamfanya aiandike kwa tarakimu kubwa juu ya mlango wa banda la ndama, na akatusimamisha pale mpaka tukaipiga kuhakikisha ni sahihi.